Maktaba ya Zuhura

Siku ya hitma ya Zuhura nilikuwa uani kwao, Bariadi, nimekaa kwenye mkeka na wanawake wenzangu tukichambua mchele, nikasikia sauti ya mwanamume ikitoka kwenye turubai la upande wa mbele. Niliitambua kabla sijayashika maneno. Sauti nzito, ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Alikuwa Erasto. Miaka mingi imepita, siku hizi ana mvi na gari lenye dereva, lakini sauti haijabadilika hata kidogo. "Marehemu alikuwa mmoja wa vijana tuliowalea sisi," alisema. "Mimi mwenyewe nilimshika mkono wakati hajui hata pa kuanzia. Programu ile ya kwanza ya zahanati, kanda hii yote, tuliifanya naye." Wanaume wakaguna kwa heshima. Shangazi yake Zuhura, aliyekuwa karibu yangu, akaniuliza, "Minza, mbona unamwaga mchele?" Nikatazama ungo, kweli nilikuwa nimemwaga. Nikasema ni mikono tu, imechoka. Lakini haikuwa imechoka. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua kwamba bado ninayo, nzima kabisa, kama kitu kilichohifadhiwa kwenye chumvi. Zuhura hakulelewa na Erasto. Erasto alichukua kazi ya Zuhura, akalifuta jina lake, na siku kazi ile ilipoleta maafa kwa uzembe wa Erasto mwenyewe, akalikumbuka jina hilo. Nitaeleza mwaka ule ulivyokuwa. Walioujua tunazidi kupungua, na waliobaki wenye vipaza sauti ndio hao.

Wakati huo Bariadi ilikuwa bado wilaya ya mkoa wa Shinyanga, na soko huria lilikuwa limeshaingia mpaka kwenye sufuria za watu. Chama cha ushirika kilikuwa hoi. Pamba ilinunuliwa na makampuni yenye mizani yao, zahanati za binafsi zilifunguliwa kila barabara, na kila aliyekuwa na briefkesi alijiita mwekezaji. Kituo chetu cha kompyuta kilikuwa kwenye ghala la zamani la pamba. Pamba yenyewe ilikuwa imeondoka lakini vumbi lake halikukubali kuondoka: lilining'inia kwenye mbao za paa kama utando, na upepo ukivuma lilishuka taratibu likaingia ndani ya mashine. Kila Jumatatu asubuhi tulizifungua kompyuta, tukazipuliza kwa pampu ya baiskeli. Zilikuwa mashine zilizochakaa, zimetumika Ulaya zikatupwa, na tuliziwekea mfumo huria, ule ambao yeyote anaruhusiwa kuufungua, kuusoma na kuurekebisha. Kazi yangu ilikuwa kufungasha. Mtu anapoandika programu, mara nyingi anaiacha imetapakaa kama fundi aliyemaliza meza akaacha mbao na misumari sakafuni. Mfungashaji anaipanga, anahakikisha inakubaliana na vitu vingine vilivyomo kwenye mashine, kisha anaifunga iwe kifurushi kimoja ambacho karani wa Lamadi au Maswa anaweza kukiweka bila kumwita mtu. Ni kazi isiyo na sifa. Ikifanywa vizuri hakuna anayejua kwamba imefanywa.

Zuhura ndiye aliyekuwa na kipaji. Mama yake, Bi Salma, alikuwa na duka la khanga na vitenge karibu na stendi, na nyuma ya duka kulikuwa na chumba cha jikoni chenye jiko la mkaa, benchi moja, na dirisha dogo lililotazama ukuta. Mchana tulikula hapo. Siku ya gulio la samaki Bi Salma alipika sato wa Lamadi kwa nazi, nazi iliyosafiri kutoka pwani mpaka ikaota madoa, na akatulaumu kwamba sisi watu wa bara tunakula samaki kama dawa. Siku nyingine mimi nilileta michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kutoka kwetu Zagayu, tukaichemsha, tukaila na karanga, na yeye akaonja kwa adabu. Kwenye benchi lile Zuhura aliandika maktaba yake. Maktaba ya programu si chumba cha vitabu. Ni kipande cha kazi ambacho mtu amekwisha kukiandika ili wengine wasikiandike upya: mwingine ameandika namna ya kupanga tarehe, mwingine namna ya kubana mafaili, na wewe unayeandika programu kubwa unaviita tu vikufanyie kazi. Ya Zuhura ilihusu majina yetu. Programu zilizotoka nje zilikuwa hazijui kitu kinaitwa Ng'. Zilikutana na ile alama ya juu katika Ng'wandu au Ng'washi zikadhani sentensi imeisha, zikakataa jina au zikaanguka kabisa. "Yaani nusu ya wilaya haiwezi kuingia kwenye kompyuta," Zuhura alisema siku moja, kijiko mkononi, "kwa sababu ya nukta yenye mkia?" Mama yake akamjibu, "Si uwafundishe kuandika." Akafanya hivyo.

Toleo la kwanza lilikuwa na kasoro. Programu hazikuanguka tena, lakini zilipokutana na ile alama, kila kilichofuata kilikatwa. Ng'wandu akawa Ng. Ng'washi akawa Ng. Zuhura aliligundua hilo mapema, akasahihisha, na akafanya jambo ambalo watu wengi wa kazi hii hawalifanyi: aliwatafuta wote aliowapa toleo la kwanza. Hawakuwa wengi. Mmoja alikuwa Erasto, mkuu wa kampuni moja ya kompyuta ya Mwanza, aliyekuwa amelipata kwenye mafunzo fulani. Zuhura alipanda basi, akampelekea diski mkononi. Mimi nilikwenda naye. Ofisi ilikuwa na zulia jekundu na feni iliyozunguka bila kusukuma hewa, na Erasto aliipokea diski, akaiweka juu ya rundo la diski nyingine, akasema, "Umefanya vizuri, dada. Vijana wangu wataiangalia." Leseni ya Zuhura ilikuwa ya maneno machache, aliyaandika kwa Kiswahili: tumia, badili, mpe yeyote, acha jina langu mahali lilipo, na ukibadili kitu sema umebadili nini. Hakudai kingine chochote.

Mvua za kwanza zilipoanza, mkurugenzi wetu, Bwana Luhende, alirudi kutoka Mwanza na habari njema. Alikuwa mtu wa ushirika zamani, mpole, aliyeona chama chake kikifa mbele yake, na tangu hapo alikuwa na woga wa mtu aliyewahi kufukuzwa nyumbani. Kampuni ya Erasto ilikuwa imeshinda zabuni ya programu ya wagonjwa kwa zahanati kadhaa za binafsi, na sisi tungeifungasha na kuiweka kwenye mashine. "Hii ndiyo itakayotuweka mjini," alisema. Nilikabidhiwa sidii. Nikaifungua kama nilivyofungua kila programu, nikaanza kutazama kilichomo. Ndani ya programu kulikuwa na faili moja kubwa, na ndani yake zilijazana nakala za maktaba za watu wengine: ya kubana mafaili, ya herufi, ya tarehe, na ya majina. Ile ya majina niliisoma mara mbili. Niliijua namna ile ya kuandika. Niliyajua hata maneno ya utani aliyoyaacha katikati ya mistari. Mahali pa jina la Zuhura palikuwa na jina la kampuni. Na lilikuwa toleo la kwanza, lile linalokata.

Hapa lazima nieleze kwa nini wafungashaji tunazichukia nakala za ndani, maana watu hudhani ni ubishi wa kitaalamu. Maktaba ikiwa moja kwenye mashine, na programu zote zinaitumia hiyo hiyo, siku ikigundulika kasoro unasahihisha mahali pamoja na wote wamepona. Lakini kila programu ikibeba nakala yake tumboni, kasoro inakuwa imezikwa mahali ambapo hakuna anayejua pa kuchimba. Mwandishi wa maktaba amesahihisha, amelala usingizi wake, na huku nakala ya zamani inaendelea kufanya makosa yale yale chini ya jina jingine. Sisemi kila nakala ya ndani ni uovu. Kuna wakati programu imeibadili maktaba kiasi kwamba haiwezi kutumia ya kawaida, na huna budi. Basi sema wazi: humu ndani kuna kazi ya fulani, toleo fulani, tumebadili hiki na hiki. Hapo kasoro ikitangazwa, mtu anajua pa kwenda kutazama. Kampuni ya Erasto haikubadili chochote isipokuwa jina. Ilificha tu, kisha nayo ikasahau ilichokificha. Diski tuliyoipeleka kwa mkono bila shaka ilikuwa bado juu ya rundo.

Nilifanya kinachotakiwa. Nilizitoa nakala zote, nikaielekeza programu itumie maktaba zilizokuwa tayari kwenye mfumo wetu, ikiwemo ya Zuhura iliyosahihishwa, nikarudisha majina ya watu mahali pake, nikajaribu. Ilifanya kazi vizuri. Nikaandika majina ya ukoo wetu wote, kila mwenye Ng', na yote yakatoka mazima. Nikampelekea Bwana Luhende, na Erasto alipokuja tukakaa watatu ofisini, mlango wazi kwa sababu ya joto. Zuhura alikuwa chumba cha pili, najua alisikia kila kitu.

"Nani amekwambia ufungue?" Erasto aliniuliza.

"Ndiyo kazi yangu, bwana. Siwezi kufungasha nisichokijua."

"Kazi yako ni kuweka. Programu hii tumeijaribu ikiwa na vitu vyake. Ukianza kutoa hiki na kuingiza kile, ikianguka nani atawajibika?"

"Ilivyo sasa inakata majina. Andika Ng'wandu uone."

"Mteja hajalalamika."

"Mteja hajaanza kuitumia. Na hii maktaba ni ya Zuhura. Jina lake mmelitoa."

Erasto akamgeukia Bwana Luhende kana kwamba mimi nimetoka chumbani. "Mzee, siku hizi ni soko huria. Kuna watu Shinyanga wanaitaka kazi hii. Mimi nataka programu iwekwe kama ilivyo."

Nilimtazama Bwana Luhende. Alikuwa anachezea kofia yake, anaigeuza geuza. Akasema taratibu, "Minza, tuiweke kama ilivyo kwanza. Marekebisho yatafuata." Nikamwambia siwezi kuweka mkono wangu kwenye kitu hicho. Akasema basi ataweka mwenyewe, na akaweka, zahanati moja baada ya nyingine, akisafiri na sidii ile kwenye mfuko wa kaki. Mpaka leo sijui nimkasirikie vipi mzee yule. Erasto namkasirikia bila shida.

Jioni ile nilitegemea Zuhura atalia au atatukana. Alikaa kwenye benchi la jikoni akimenya ndizi. "Jina sijali sana," alisema. "Afadhali wangeniibia jina wakachukua na sahihisho. Wao wamechukua kosa langu, wameacha sahihisho langu." Bi Salma alikuwa anapepea mkaa. Akasema bila kugeuka, "Mtu akikuibia khanga, ataivaa. Huyu amekuibia kitambaa chenye moto."

Palizi ikapita, pamba ikafunguka, makampuni yakaanza kugombana barabarani kuhusu nani anunue wapi. Ilikuwa katika msimu huo wa kununua pamba ndipo Ng'walu alipoingia dukani. Nilikuwepo. Alikuwa mwanamke mdogo wa Ipililo, mjamzito, mteja wa Bi Salma wa kila mwaka, na alikuja na furushi la nguo kichwani. "Mwadila, mayu," alimsalimu Bi Salma kwa adabu, kama mama yake, kisha akakaa sakafuni, si kwenye kiti, akaanza kulia. Bi Salma alifunga mlango wa mbele mchana kweupe, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, akamwingiza jikoni, akampa chai na mkate wa kumimina. Maneno yalitoka vipande vipande. Kliniki ya wajawazito, zahanati moja ya binafsi njia ya Maswa, walimwambia damu yake ina kaswende. Walimchoma sindano. Mume wake alisema hajawahi kulala nje, kwa hiyo ugonjwa kaleta nani? Wakwe walikaa kikao. Akatolewa vyombo nje.

"Na hukuwahi?" Bi Salma aliuliza kwa upole.

"Mayu, naapa. Mimi sijui mwanamume mwingine. Hata majibu yenyewe niliambiwa kwa dharau. Karani alisimama mlangoni akaita, 'Ng wa Ipililo!' Tukasimama wawili. Nesi akacheka, akanyoosha kidole kwangu, 'Wewe uliye karibu, njoo.' Nikadhani ndiyo kiburi cha mjini, kutuita nusu nusu kama mbuzi."

Zuhura alikuwa anapakua wali. Mwiko ukabaki hewani. "Walikuitaje?"

"Ng. Ng wa Ipililo."

Tulitazamana, mimi na yeye. Sitasahau uso wake, na nimejaribu. Programu ile ilikuwa na kanuni ambayo Erasto aliisifu sana alipokuwa akiiuza: ikiona jina lile lile na kijiji kile kile, inahesabu kuwa ni mtu mmoja aliyeandikishwa mara mbili, inaunganisha. Wanawake wawili wa Ipililo, wote wamekatwa jina, wakawa mtu mmoja. Majibu ya kwanza kuingia yalisomwa kwa aliyekuwa karibu na mlango. Majibu yaliyofuata yaliyafuta ya kwanza. Nilikuwa namwelezea Bi Salma hayo, naeleza kwa hasira, nasema tutampeleka Ng'walu akapimwe upya na jina lake lisafishwe mbele ya wakwe, na Zuhura akanikatiza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Minza. Kama damu si ya huyu, ni ya nani?"

Ng'walu akajipangusa uso kwa ncha ya khanga. "Aliyesimama na mimi ni Ng'washi," alisema. "Anakaa ng'ambo ya bonde. Tulikwenda pamoja. Yeye majibu aliyapata kliniki iliyofuata. Aliniambia ni mzima." Kisha akaelewa alichokisema, akaweka kikombe chini.

Asubuhi tulikwenda zahanati kwanza. Nesi mkuu alikuwa mama mtu mzima, na nitamtendea haki: alipotuelewa hakujitetea. Alimpima Ng'walu upya mwenyewe, damu ilikuwa safi, akamshika mikono yote miwili akamwomba radhi. Kisha akatia sindano na dawa kwenye mkoba, akisema kaswende isiyotibiwa humfikia mtoto tumboni, tukapanda gari la zahanati kwenda Ipililo. Mashamba yalikuwa meupe kwa pamba, watu wamepinda migongo wanavuna, wengine wanatupungia. Ng'washi tulimkuta amekaa nje ya nyumba yake, amefunga khanga tumboni, kwa kukaza, jinsi wanawake wanavyofungwa wakishajifungua. Hapakuwa na sauti ya mtoto. Mama mkwe wake alituona na mkoba wa nesi, akasema kwa Kisukuma kwamba tumechelewa, mtoto alitoka amekufa, ameshazikwa. Nesi akapiga magoti palepale kwenye vumbi. Ng'washi alitutazama mmoja mmoja. Hakuuliza tumetoka wapi wala tunataka nini. Alisema neno moja tu kwa nesi, tena kama mtu anayetaka kukumbushwa: "Si mliniambia mimi ni mzima?"

Alichomwa sindano, mume naye akatafutwa shambani akachomwa. Zuhura alibaki kwenye gari. Nilipomfuata alikuwa ameshikilia kiti cha mbele kwa nguvu. Nilimwambia si wewe. Akasema najua si mimi, usiniambie tena, najua kabisa ni nani, hilo ndilo linalonitesa.

Zahanati ilitaka majibu kutoka kwa kampuni, na Erasto akaja na shati jeupe. Tulikaa tena ofisini kwa Bwana Luhende, safari hii wengi zaidi: nesi mkuu, mwenye zahanati, mimi na Zuhura. Nilidhani ataona haya. Alifungua kompyuta, akawaonyesha wageni mistari michache, akasema kwa utulivu, "Mabwana, programu yetu haina tatizo. Kilichokata majina ni maktaba ya mtu mwingine tuliyoitumia kwa nia njema. Mwandishi wake ni binti yenu huyu hapa. Muulizeni yeye."

Zuhura akasimama. "Jina langu limeandikwa wapi humo?"

"Hilo si jambo la leo. Uliandika au hukuandika?"

"Niliandika. Nikasahihisha. Nikapanda basi nikakuletea mkononi, ukaiweka juu ya meza. Minza akaitoa kabisa ile mbovu, ukaamuru irudishwe. Wakati wa kuuza ilikuwa ya kampuni. Mtoto wa mtu amekufa, ndiyo imekuwa yangu?"

"Usilete jazba, dada."

"Jazba?" Alirudia neno lile kana kwamba anatafuta maana yake. Kisha akamgeukia Bwana Luhende. "Mzee, wewe ulikuwepo. Sema."

Bwana Luhende alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Nilimwona akitaka kusema. Nilimwona akiwaza mashine, ghala, vijana aliowaajiri, barua ya kazi ya mwaka unaofuata aliyoahidiwa na Erasto. Akasema, "Jambo hili lina pande nyingi." Mwenye zahanati, ambaye hakuwa mtu wa maneno, akasema anachotaka yeye ni programu isiyokata majina, kesho. Erasto akasema marekebisho yatachukua muda. Nikasema kifurushi changu kipo tayari tangu mvua za kwanza. Hivyo ndivyo kilivyowekwa, bila sherehe, kwenye zahanati zote tulizozihudumia, na siku nilipomaliza ya mwisho, Lamadi, niliacha kazi. Kampuni iliendelea kuuza ile inayokata majina kwingine. Iliongeza tangazo moja dogo kwamba haihusiki na hitilafu zitokanazo na maktaba za watu wengine. Ng'walu alirudishwa na wakwe kwa heshima zote, wakaleta mbuzi wa kuomba radhi; alikaa mwezi mmoja, akafunga tena furushi lake mwenyewe, akarudi kwa Bi Salma kumuuzia dukani. Alisema nyumba iliyomwamini karani kuliko yeye hawezi kulala humo.

Tangu hapo nimefungasha programu maisha yangu yote, katika miji mingine na hata kwa watu nisiowahi kuwaona uso, na vijana hunilalamikia kwamba ninachelewesha. Mama, nakala iko ndani, inafanya kazi, kwa nini tuitoe? Wananieleza kwamba siku hizi diski ni kubwa, kwamba kila programu kubeba vyake ni rahisi zaidi, kwamba dunia imeshaamua. Nawajibu kwa utaratibu: ni ya nani, toleo gani, mwenyewe ameshasahihisha nini, na sisi tutajuaje? Sauti yangu ni ya kawaida. Hawajui ninavyojizuia.

Jambo la mwisho la mwaka ule lilitokea mvua zikiwa zimerudi. Nilikuwa nimekwenda kituoni kuchukua vitu vyangu, Zuhura akinisaidia, na Ng'washi akaingia. Alikuwa ametembea na kupanda malori kutoka Ipililo, miguu ina matope mpaka magotini. Tukamkaribisha, tukampa maji. Akatazama zile kompyuta zilizopangwa ukutani, bila woga, kama mtu anayekagua ng'ombe wa mwingine. Akauliza aliyeleta kitu kile yuko wapi. Tukamwambia yuko Mwanza. Akauliza, "Simu yenu inafika?" Bwana Luhende alikuwa mlangoni, alisikia. Akaingia ofisini kwake, akatoa simu ya mezani na waya wake mrefu, akaiweka mbele yake, akapiga namba mwenyewe. Alipoitikiwa, akampa Ng'washi mkono wa simu.

Ng'washi alijua Kiswahili, lakini alizungumza Kisukuma. Alisalimu kwanza, salamu kamili, akataja jina lake na la baba yake. Akamweleza mimba ile ilivyokuwa, kwamba ilimpenda, haikumtapisha. Akamweleza kuni alizokuwa akibeba mpaka mwezi wa mwisho kwa kuwa aliambiwa yeye ni mzima. Akataja jina walilokuwa wamemwandalia mtoto. Akaeleza upande gani wa nyumba wamemzika, na kwamba mvua hizi zimeshusha udongo, imebidi waongeze mwingine. Hakupaza sauti. Nilikuwa nimesimama karibu naye, na kwa muda mrefu nilikuwa nimeshasikia mlio ule wa simu iliyokatwa, tuu, tuu, tuu, ukitoka chini ya sikio lake. Zuhura naye aliusikia. Hakuna kati yetu aliyethubutu kumgusa. Aliendelea mpaka mwisho, akaaga kwa adabu, akarudisha mkono wa simu mahali pake.

"Dada," Zuhura alimwambia, machozi yanamtoka, "pole. Yule mtu alishakata."

"Najua," Ng'washi alisema. "Alikata nilipotaja jina langu. Mimi nilikuwa sijamaliza."